Mashine Mbili na Betri Ileile

Mmeniomba, ninyi mnaobaki katika chumba cha mashine, niwaachie maandishi ya namna ya kuchagua kompyuta. Kanuni sina. Nina miaka mingi ya kufungua makasha na kuyafunga, na nina siku moja ambayo hata leo ikinijia ghafla jikoni, mkono unasimama juu ya sufuria. Nitafika huko. Kwanza mjue nilipoanzia, maana mwenzenu Patient huwaambia wageni kwamba mimi nilizaliwa humu ndani pamoja na nyaya.

Nililetwa na Papa Zihindula, fundi wa fonii, ile redio ambayo hospitali ilizungumza nayo na vituo vya afya vya Mwenga na Shabunda kabla simu za mkononi hazijafika huko. Alihitaji mtu wa kuandika ujumbe unaoingia. Nilikuwa nimemaliza shule, na mwandiko wangu ulisomeka. Siku ya kwanza alinipa kiti, kalamu na onyo moja tu: nisiguse kitu chenye umeme. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshagusa, na nimeshatupwa ukutani. Hakunigombeza. Alininyooshea kidole chake cha shahada, kilichopinda kwa kuungua, akasema, "Mutoto wangu, miye pia balinikataza."

Alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wageni. Kila walipotuletea chombo kipya, kingali ndani ya plastiki yake, yeye hakukisifu. Alikigeuza mgongo kwanza, akavaa miwani, akasoma kibandiko. Wageni walidhani anatafuta nchi kilikotengenezwa. "Inakula umeme ngapi?" aliuliza. "Na inakula ya nani?" Mimi niliona ni ubahili wa wazee.

Vyeo nilivyopanda sitavieleza. Kila cheo kilikuja na funguo zaidi, na mshahara mnaujua wenyewe. Fonii ikanyamaza, Papa Zihindula akarudi Kabare kwenye maharage yake, kompyuta zikaingia, na mimi nikajifunza kwa kuziharibu kidogo kidogo. Kisha hospitali yetu ya Nguba ikapata skana, ile mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa, kipande baada ya kipande, kama mtu anayekata mkate. Tangu hapo chumba changu kikawa cha picha. Picha zilitoka kwenye skana, zikahifadhiwa kwenye kompyuta moja, na madaktari wakazifungua wakiwa kwenye meza zao.

Chumba hicho mnakijua, lakini wenzenu wa baadaye huenda wasikikute. Upande mmoja ukuta wa skana, upande wa pili chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Umeme wa mji ukikatika, jenereta lilibeba vyombo vikubwa, na betri moja kubwa ya paa la sola ilibeba vitu vitatu: maabara, kompyuta yangu, na mashine za oksijeni za watoto. Ndivyo jengo lilivyofungwa nyaya. Aliyechora ramani hakutarajia skana, wala watoto wengi namna ile.

Siku moja umeme wa mji ulirudi kwa kishindo baada ya kukatika, na kompyuta ya picha ikaungua. Nilinusa kabla sijafungua mlango. Masera Béatrice, mtawa anayeongoza hospitali, alikuja akasimama mlangoni akiwa ameziba pua.

"Maman Espérance, tutafanya namna gani?"

Tulikuwa na njia mbili. Shirika moja lililokuwa linafunga ofisi zake mjini lilitupa seva yake ya zamani: chuma kizito, prosesa mbili ndani, kila prosesa na viini vingi vya kufanyia kazi, na memori ya aina inayojikagua yenyewe na kupiga kelele ikikosea. Na mfanyabiashara mmoja wa mjini alituazima, kwa majaribio, kompyuta ya mezani yenye prosesa ya kisasa. Viini vyake vilikuwa vichache, lakini kila kimoja kilikimbia kuliko chochote nilichowahi kukiona, na kasha lenyewe ungeweza kulibeba kwapani. Kuchukua zote mbili hatukuweza. Ama Masera anunue kompyuta, ama anunue diski mpya za seva, maana zake zilikuwa zimechakaa. Alitupa majuma machache tujaribu, kisha nimwambie.

Patient alikuwa upande wa kompyuta mpya. Kwa wasiomjua: ni mhandisi wetu, amesoma vizuri, na wazazi wake walimpa jina hilo la mtu mvumilivu kwa matumaini tu.

"Maman, kazi ya kufungua picha inafanyikaka na kiini moja," aliniambia. "Moja tu! Zile zingine zote za seva ziko zinaangalia. Hii mupya, kiini yake moja inapita ya seva mbali sana."

"Na siku badocteur bote banafungua picha pamoja?"

"Beko ngapi, maman? Beko trois, batatu tu!"

Alisema kweli, na nilijua. Tulipima. Picha za kichwa kizima zilifunguka kwenye kompyuta mpya kabla hujavuta kiti. Kwenye seva ungeweza kwenda kuosha kikombe. Lakini mimi niliipenda seva. Niliamini memori yake. Kompyuta ile mpya haikuwa na cha kujikagua, na mara moja, mara moja tu, wakati wa majaribio, ilituonyesha picha ya kifua iliyopasuka katikati kwa mistari. Tulipofungua tena, picha ilikuwa nzima. Patient alisema ni waya wa skrini. Akabadilisha waya. Haikurudi. Mimi sikusahau, ila sikuwa na ushahidi, na kwa kuwa nilikuwa mkuu wa chumba, nikaamua seva ndiyo ifanye kazi huku tukiendelea kuichunguza ile nyingine.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko la Mudaka. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mawingu yalikuwa yamelala juu ya ziwa kwa hiyo paa la sola halikuingiza kitu cha maana. Jua lilipofika katikati, kama lingeonekana, tulisikia pikipiki nyingi zikipanda kwa pamoja, honi bila kukoma. Lori la wafanyabiashara lilikuwa limepinduka kwenye mteremko. Dereva alikufa njiani. Waliobaki waliletwa kwenye pikipiki, kwenye magari ya watu, mmoja juu ya mlango uliong'olewa.

Docteur Bahati, daktari wetu wa upasuaji, aliwapanga kwa macho tu akipita katikati yao. Akasimama kwa mwanamke mmoja, muuzaji wa unga wa muhogo aitwaye Nabintu. Dada yake alitueleza kwamba baada ya ajali Nabintu alitembea, akatafuta viatu vyake, akagombana na watu juu ya gunia lake. Sasa alikuwa analala na haamki vizuri, na mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine.

"Skana, haraka," alisema Docteur. "Damu inakusanyika. Jicho inaniambia ni kuume, lakini jicho ilishanidanganya siku ingine. Sifungui kichwa bila picha."

Jenereta likawashwa, Nabintu akapigwa picha, picha zikaingia kwenye seva. Nilikuwa naziona faili zikishuka moja moja na kwa mara ya kwanza siku ile nilipumua. Halafu jenereta likakohoa. Likakohoa tena. Likazimika.

Skana ikafa, na skrini yake pamoja nayo. Mashine ya kuchapisha picha ilikuwa kwenye waya huohuo. Sasa kichwa cha Nabintu kilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya seva yangu, na seva ilikuwa juu ya betri ambayo haikuwa imeona jua. Daktari alikuwa ameshaingia kunawa; chumba cha upasuaji kina betri zake, taa zingetosha. Nilifungua picha. Seva ikaanza kuzipanga kwa mwendo wake uleule wa taratibu, kana kwamba hakuna mtu anayekufa.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Maman Nsimire, muuguzi wa watoto, na sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baadaye.

"Maman Espé! Mashini ya oxygène inalia. Nguvu inashuka. Kwako kuko kitu gani inakula hivi?"

Nikatazama kisanduku cha betri ukutani. Taa yake ya kijani ilikuwa imezimika. Nilijua kibandiko cha seva kinasema nini, nilishakisoma siku ilipofika, na bado nikainama kukisoma upya, labda nilikosea. Sikukosea.

"Inakula ya batoto," nikamjibu.

Hakuniambia nizime. Nadhani ndiyo sababu iliniuma zaidi. Nyuma yake, kupitia mlango uliobaki wazi, nilisikia king'ora chembamba cha mashine ya oksijeni, na sauti ya mama mmoja akiita jina la Mungu kwa Mashi, lugha ya kwao, akirudia neno lilelile.

"Hamisha," nikamwambia Patient. "Picha zote za Nabintu, kwa ile mupya."

Hakusogea. Yeye, aliyekuwa akinipigia kelele majuma yote juu ya kompyuta ile, alikuwa amekauka. "Maman, na ile picha ya kifua? Ile yenye ilipasuka?"

"Ulisema ni waya."

"Nilisema. Sikujua." Akajipangusa uso. "Tukizima seva, betri haitaikubali kuwaka tena. Kama nakala iko mubaya, hatuna kitu. Hatuna kitu kabisa."

Alisema kweli tena. Seva inapoanza kuwaka huvuta umeme mwingi kuliko inapotembea. Nikizima, nimezima hadi jenereta litengenezwe, na fundi wa jenereta alikuwa amelala chini yake na tochi mdomoni. Upande mmoja mwanamke mmoja, upande mwingine watoto ambao sikuwahi kuwahesabu. Msiniulize nilifikiri nini. Sikufikiri vizuri. Nilisema, "Hamisha na upime," kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine.

Kompyuta mpya ikawaka. Haikula hata robo ya seva. Patient akapitisha picha kwenye waya wa mtandao, kisha akafanya kila mashine izipigie faili hesabu yake ya ukaguzi, ili tulinganishe. Zikalingana, faili kwa faili. King'ora ng'ambo ya ukuta hakikunyamaza muda wote huo. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha seva, nikabonyeza, nikakishikilia hadi feni zikaanza kushuka.

Maman Nsimire alikuwa ameshaondoka. Baada ya kitambo king'ora kikakatika. Nilisikia mtu akisema "aksanti, aksanti" na sikujua anamwambia nani.

Docteur Bahati akaingia mikono juu, ameshanawa, akimwachia Patient kazi ya kugusa. "Fungua."

Picha zikafunguka papo hapo. Patient akazipitisha, fuvu, macho, ubongo, na tulipofika pale ambapo damu ingekuwa, picha ilikuwa imepasuka. Mistari, nusu nyeupe nusu nyeusi, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hii ni nini?" aliuliza daktari.

"Haiko kichwa, docteur," nikasema. "Ni mashini."

"Unajuaka aje?"

"Kichwa haikatikake kwa mustari ya rula."

Hakucheka. Nilimwomba muda, naye akaitazama mikono yake kana kwamba muda upo hapo. Nikaizima kompyuta, nikagusa chuma cha kasha ili mwili wangu uache umeme wake, nikafungua. Vibao vya memori vilikuwa viwili. Vile vya seva, vinavyojikagua, vilikuwa vimelala pale jirani ndani ya chuma kilichokufa, na havikuweza kunisaidia: ni vya kizazi kingine, mkato wake hauendani na bodi kuu ya kompyuta mpya. Nikatoa kibao kimoja, nikawasha na kilichobaki.

Picha ile ikafunguka nzima. Patient akasogeza mbele kidogo, na mpasuko ukatokea kwenye picha nyingine.

Patient akapiga kelele ya furaha. Daktari akamgeukia kwa hasira, nami nikamwelewa Patient kwa wakati uleule. "Docteur, imehama!" alisema. "Kama faili ingekuwa imeharibika, ingepasuka palepale! Faili iko mzima. Memori njo inadanganya."

Nikazima tena. Nikatoa kibao kilichobaki, nikakitia mfukoni, nikarudisha kile cha kwanza. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho na ilinibidi nikiweke mara ya pili. Tukawasha. Tukafungua picha zote, tukazipitisha hadi mwisho. Nzima. Tukazifunga, tukazifungua upya. Nzima, na zilezile. Damu ilionekana wazi, nyeupe, imekaa kama ganda la dengu chini ya fuvu.

Docteur Bahati akanigeukia mimi, si Patient. "Maman Espé, naweza kufungua mutu kichwa juu ya hii?"

Katika kazi yote niliyoifanya, hilo ndilo swali pekee ambalo sikutaka kulijibu. "Faili iko mzima, tumeipima," nikasema. "Kibao yenye inadanganya iko mufuko yangu. Kupita hapo, docteur, siwezi kukuapia."

Akatazama skrini mara nyingine. "Kuume," akasema, na akatoka akifungua mlango kwa kiwiko.

Sisi tulikaa. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yetu ambayo hakuna shule inayoifundisha: kukaa. Patient alikuwa anakunja na kukunjua kipande cha waya. Nikaenda kwa Maman Nsimire. Mtoto mmoja alikuwa amegeuka rangi ya bluu wakati nguvu iliposhuka, na Maman Nsimire alikuwa amempulizia hewa kwa mkono, kwa kile kifuko cha mpira, hadi mashine iliporudi. Alikuwa bado ameshika kifuko, hakihitajiki tena, anakishika tu. Mama wa mtoto aliniuliza kama mimi ndiye wa umeme. Nikasema ndiyo, maana sikuwa na jibu fupi zaidi.

Jioni fundi aligundua maji kwenye kichujio cha mafuta ya jenereta. Karibu wakati huohuo daktari alipita mlangoni mwangu bila kusimama, akasema, "Damu ilikuwa pale," na akaendelea kwenda kwa majeruhi mwingine. Nabintu aliamka kesho yake, akauliza gunia lake liko wapi, kisha akauliza nani amethubutu kumnyoa.

Masera alituita ili tumpe jibu letu. Mngekuwapo mngeshangaa. Patient alisimama kutetea seva. Alizungumza juu ya memori inayojikagua, kwamba hatapanda tena kwenye chombo ambacho kinaweza kusema uongo bila kuona haya. Nami, niliyeipenda seva, nilisema iondoke.

"Munanichanganya," alisema Masera. "Juma ile ingine, Patient alisema mupya na weye ya zamani."

"Masera, ile seva ni muzuri," nikasema. "Kama tungekuwa na umeme ya kwetu peke yetu, ningeichukua leo. Lakini haiko na umeme yake. Inakula ya batoto, kila siku, hata siku haina kazi."

"Na uongo ya ile mupya?"

Hapo Patient akauliza kama anaweza kupewa siku chache. Akawaandikia wauzaji wa Kampala, akasoma vitabu vya ile bodi hadi kurasa ambazo hakuna anayezisoma, na akapata kwamba prosesa ile mpya pamoja na bodi yake vilikubali memori inayojikagua. Mfanyabiashara hakutuambia kwa sababu hatukuuliza, na sisi hatukuuliza kwa sababu tulikuwa tunagombana. Vibao vilifika, tukavitesa kwa majaribio mchana kutwa, vikatulia. Nikaweka sahihi tununue kompyuta ya mezani. Seva ilipelekwa kwenye shule ya ufundi yenye turbini yake mtoni, na wanafunzi wanaifungua na kuifunga kila muhula. Mashine za oksijeni za watoto tulizitenga kwa waya wake na sehemu yake ya betri. Ilituchukua ajali ya lori kufanya jambo ambalo fundi angelifanya kwa mchana mmoja.

Majuma yakapita. Siku moja nilikuwa nasafisha feni, mlango ukabishwa na akaingia mwanamke mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa ustadi sana.

"Banasema ni hapa munawekaka kichwa yangu."

Sauti ilikuwa ya mtu wa kugombea gunia; nikajua ni Nabintu. Nikamwambia ndiyo. Akataka kukiona. Nikamfungulia, na picha ikasimama kwenye skrini kabla hajamaliza kukaa. Alisogea karibu sana. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii nyeupe?"

"Ni damu. Njo yenye docteur alitosha, alitoa yote."

"Sasa haiko?"

"Haiko." Nikamwonyesha picha za baadaye, za alipokuja kupimwa. Akatazama za kwanza, akatazama za pili, akarudi kwenye za kwanza.

"Hizi za pili, weka," alisema. "Hizi za kwanza, futa."

Nikamweleza kwamba hatufuti. Kwamba daktari akizihitaji baada ya miaka lazima azikute, ndiyo kazi yenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu anayetetea bei mbaya.

"Basi uzifiche mbali," akasema. "Sitaki batu baone ndani mwangu kukiwa kuchafu."

Nikamwahidi. Akasimama, akagusa fundo la kitambaa chake, akaniaga na kutoka haraka. Ilikuwa siku ya soko, na pikipiki ya kwenda Mudaka ilikuwa ikimngojea nje na unga wake.